Taji la Dakika Tisa

Taji lilishuka polepole kutoka kwenye mkono wake wa chuma, likamfunika Nyemo Chilongani kichwa chote hadi juu ya masikio, kisha likaanza kuvuma kama nyuki walio mbali. Watu mia nne waliofika ukumbini Dodoma kwa ajili ya uzinduzi wake walikodoa macho kwenye saa kubwa ya ukutani, iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma kutoka dakika tisa.

Nyemo ndiye mhandisi aliyekiunda chombo hicho, kazi iliyomchukua miaka sita. Kwenye michoro kiliitwa kikunjanywele, lakini wasusi waliokijaribu walikipachika jina la Taji, na jina likashika. Kila unywele umejengwa kwa protini, na protini hiyo hushikwa na vifungo vidogo vya salfa. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoamua kama unywele utanyooka au utajisokota. Bibi zetu walivivunja kwa dawa za kalikiti, wakivumilia harufu kali na ngozi kuungua. Taji lilitumia mwanga. Vihisi elfu tatu vilipima unene na unyevu wa kila unywele, akili unde ikapiga hesabu, halafu miali ikavifungua vifungo na kuvifunga upya katika umbo alilolitaka mteja.

Asubuhi ile mwanamitindo aliyepangwa kukalia kiti aliugua. Mkurugenzi wa kampuni, Bwana Sekwao, alimfuata Nyemo nyuma ya pazia.

"Kaa wewe."

"Mimi? Nywele zangu hazijawahi kuguswa na kitu, Bwana Sekwao. Mama yangu ndiye anayezisuka."

"Mpishi akikataa kuonja mchuzi wake, wageni watakula?"

Nyemo akakaa.

Dakika ya tisa ilipokwisha Taji lilipanda, na mawimbi meusi yakamwangukia mabegani, laini, yaking'aa. Watu walisimama kupiga makofi. Nyemo alijitazama kwenye kioo akacheka kwa sauti. Tangu utotoni alikuwa na hamu ya kujua ingekuwaje kutikisa kichwa na nywele zikakifuata.

Siku ya tatu aliziosha.

Zilipokauka zilikuwa zimetimka, kila unywele umeshika njia yake, kavu kama nyasi za mwezi wa tisa. Alipitisha kichana, nacho kikatoka na kishungi kizima. Akakitazama karibu na dirisha. Hakikung'oka kwenye ngozi, kilikatika katikati, na ncha zake zilikuwa zimepasuka kama uzi uliotafunwa. Alipaka mafuta, akajifukiza kwa mvuke, akajaribu mayai na parachichi kama mwanafunzi wa bweni, ingawa yeye mwenyewe alijua vizuri kuliko watu wengi kwamba unywele ukishatoka kwenye ngozi ni kitu kilichokufa, na kitu kilichokufa hakina kidonda cha kupona. Jumamosi alifunga kilemba, akaenda Makole kwa mama yake.

Mama Nyemo alikuwa msusi kwa miaka arobaini. Wanawake wengi wa Makole walikua wakiwa wamekaa kati ya magoti yake. Lakini miaka minne iliyopita ugonjwa wa kusahau ulianza kumla. Ulichukua majina ya mitaa, ukachukua majina ya ndugu, kisha ukafika kwenye nyuso, hata akimtazama binti yake wa pekee akawa anaona mwanamke tu, mgeni mwenye heshima zake. Kilichobaki ni mikono. Daktari alimweleza Nyemo kwamba kumbukumbu za mikono hukaa mahali pengine ndani ya ubongo, nazo ndizo huondoka mwisho. Basi kila Jumamosi Nyemo alikaa mkekani, akampa mama yake mgongo, na vidole vile vikazama katika nywele zake nzito.

"Nyemo," mama alikuwa akisema. "Umekuja, mwanangu."

Kwa muda wote wa kusuka, walizungumza kama zamani. Mama alimuuliza habari za kazi, akamsengenya jirani aliyekwisha kufa, akamkemea kwa kutoolewa. Msuko wa mwisho ukifungwa na mikono ikiondoka kichwani, jina nalo liliondoka. Nyemo alikwisha kuzoea. Saa mbili kwa wiki zilimtosha kuishi.

Mlangoni alipokewa na Tunza, roboti mlezi aliyemnunulia mama yake.

"Karibu, Nyemo," Tunza alisema. "Mama amekula vizuri. Yuko barazani."

Nyemo alivua kilemba, akamwamkia mama yake, akakaa mkekani. Vidole viliingia. Vikasimama.

"Wewe nani?"

"Ni mimi, mama. Nyemo."

"Nyemo namjua." Mama alitoa mikono, akajipangusa kwenye kanga, maana vipande vya nywele vilikuwa vimemnata. "Nywele za Nyemo zinavunja vichana. Hizi ni manyasi. Nani kakuharibu hivi, binti?"

"Mama, hebu niguse tena. Polepole."

Aligusa tena, kwa huruma ya msusi anayemwonea uchungu mteja. Hakusema jina.

"Mama Nyemo, huyu ni Nyemo," Tunza alisema. "Uso wake na sauti yake vinalingana na kumbukumbu zangu zote."

"Nyamaza wewe, chuma! Unajua nini kuhusu mwanangu?"

Akageukia lango, akaanza kulalamika kwamba leo Nyemo amechelewa, na si kawaida yake.

Jumatatu Nyemo alikata kishungi kingine, akakiweka chini ya darubini ya maabara. Kufika saa nne alikuwa amepata jibu. Tangu alipozaliwa, mama yake alimpaka mafuta ya nyonyo, na kila Jumamosi aliendelea kumpaka. Mafuta yale yaliugandia unywele, vihisi vikausoma kuwa mnene na wenye unyevu kuliko ulivyokuwa, na Taji likaongeza miali mara mbili. Vifungo vilifunguka. Vingi havikufungika tena.

Akafungua daftari la majaribio kuangalia kama jambo hilo liliwahi kutokea, akalikuta. Miezi minane nyuma walikuja wanawake watatu kutoka Kondoa, wote wapakaji wa nyonyo, na wote nywele zao zilikatika. Chini yake kulikuwa na maneno haya: "Mafuta ya nyonyo yanadanganya vihisi. Turekebishe katika toleo lijalo." Sahihi ilikuwa yake. Aliikumbuka siku ile. Mmoja wao alikuwa akilia huku amejifunika mtandio, naye Nyemo alimpa pole na kurudi kwenye hesabu zake. Sasa ndipo aliposoma jina la mwanamke huyo kwa mara ya kwanza. Aliitwa Zamoyoni.

Alikwenda na daftari mpaka ofisini kwa Bwana Sekwao.

"Ni asilimia mbili ya wateja, Nyemo. Tulilijua hilo."

"Mimi ndiye niliyelijua. Nikaandika, nikageuza ukurasa."

"Nywele zitaota tena. Nywele ni nywele!"

"Mama yangu hanijui, Bwana Sekwao."

"Mama yako mgonjwa. Nakupa pole, lakini hilo halikufanywa na Taji."

Nyemo alitaka kumweleza habari za Jumamosi, za vidole na jina. Akaona kwamba hata akieleza mpaka jioni, yule bwana atasikia nywele tu. Sheria za miaka hiyo zilikataza mashine yoyote inayogusa mwili wa mtu kufanya kazi bila sahihi ya mhandisi aliyeiunda. Alirudi mezani kwake, akaiondoa sahihi yake kwenye mfumo wa Mataji. Mchana ule Mataji yaliyokwisha kusambazwa tangu uzinduzi yalizimika katika saluni zote, mengine wateja wakiwa wamekwisha kukaa kitini. Kabla ya wiki kwisha kampuni ikamfukuza.

Hakujali sana. Alichokuwa akihesabu ni miezi. Nywele huota kidogo kuliko upana wa kidole kwa mwezi, na msusi anahitaji urefu wa kushika. Kwa hesabu yake ingekuwa miezi minne, labda mitano. Alimpigia daktari kumuuliza mikono ya mama yake ingekumbuka mpaka lini. Daktari alimwambia hapo hakuna anayejua.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kama mgeni.

"Shikamoo, mama. Mimi mteja."

"Marahaba. Kaa, nione." Mama alimgeuza kichwa huku na huku. "Ee! Ulikwenda kwa nani, mama?"

"Kwa mashine."

"Hizi hazisukiki. Nikizisuka nakudanganya. Tukate?"

"Kata tu."

Mama alimwita Tunza alete mkasi. Akaanza kukata. Mawimbi yaliyopigiwa makofi na watu mia nne yalianguka mkekani moja moja, bila uzito. Nyemo aliuma mdomo, lakini mabega yakamsaliti.

"Usilie," mama alisema. "Mzabibu usipopogolewa hauzai. Na mimi nina binti yangu, injinia mkubwa, anatengeneza mashine za nywele. Siku akija nitamwambia akutazame. Yeye hawezi kumharibia mtu."

"Ana bahati kuwa na wewe."

"Mimi ndiye mwenye bahati. Hajawahi kukosa Jumamosi hata moja." Mkasi ulisimama. "Sasa sijui amepatwa na nini."

Tokea hapo Nyemo alikwenda kila Jumamosi kama mteja. Mama alimpaka mafuta, akapima kwa ncha za vidole nywele zimefika wapi, akampongeza kama anavyopongezwa mtoto anayeota meno. Mara nyingine Nyemo alitumia jina la Zamoyoni. Walizungumza. Alisikia habari zake mwenyewe kutoka kinywani mwa mama yake, nyingine hakuwahi kuambiwa: kwamba alizaliwa mvua ikinyesha baada ya kiangazi kirefu, na kwamba mama yake alilia kwa hofu siku alipokwenda chuoni, akajifungia chooni asionekane. Alizisikiliza zote akiwa amempa mgongo, asionekane uso.

Katika mwezi wa tatu tangu zikatwe, nywele zilifikia urefu wa punje nne za mchele. Mama alikuwa hatoki tena kitandani, kwa hiyo Nyemo alipiga magoti sakafuni, akaegemeza kichwa ukingoni mwa godoro. Vidole vilikwenda taratibu, vikapotea, vikarudi.

"Zinakuja," mama alisema. "Nzuri. Ngumu."

Nyemo alingoja jina lake.

"Wewe unatembea mjini," mama aliendelea. "Ukikutana na Nyemo, mwambie simkasirikii. Kama kazi imemzidi, afanye kazi. Ila aje hata siku moja bila kusuka. Si lazima nimsuke. Akae tu."

"Nitamwambia, mama."

"Usisahau. Watu siku hizi wanasahau."

"Sitasahau."

Mama Nyemo alifariki Jumatano asubuhi. Tunza ndiye aliyempigia Nyemo simu, na kwa kuwa hakuumbwa kujua maneno ya msiba, alitaja saa na dakika.

Katika ukoo wao wafiwa hunyolewa siku ya kuanua matanga. Vijana wengi walikwisha kuiacha desturi hiyo, na hakuna aliyewalazimisha. Wanawake walikaa uani, beseni la maji katikati yao, na Shangazi Mbeleje akiwa na wembe. Zamu ilipomfikia Nyemo, shangazi alimtazama kichwa akatikisa chake.

"Wewe tukuache. Ndiyo kwanza zinaota."

"Ninyoe, shangazi."

"Utakaa mwaka mzima ukizingoja tena."

"Ninyoe."

Shangazi alichota maji kwa kiganja, akamlowesha kichwa. "Mbona unatetemeka? Wembe wangu hauumi."

"Si wembe, shangazi."

"Najua, mwanangu. Inama."

Nyemo aliinama, na machozi aliyoyazuia tangu Jumatano yakamtoka. Wembe ulipita kutoka paji la uso hadi kisogoni, tena na tena. Nywele zilimwangukia mapajani juu ya kanga, fupi na nyeusi sana. Alizikusanya kiganjani, akazitazama kwa jicho la kazi yake, unywele mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja uliokuwa na kasoro.