Kamba Kiunoni mwa Eseza

Tone la rangi ya kijani lilimdondokea Eseza begani akiwa kwenye foleni ya sabuni, Jinja mjini, jua kali la mchana. Na gauni lake la gomesi, la njano, ndilo pekee alilobaki nalo la kuendea kanisani.

"Wewe wa juu! Umelewa?"

Mwanamume aliyekuwa kwenye ngazi, akiandika jina la tajiri mpya juu ya jina la Mhindi aliyefukuzwa nchini, alishuka mbio. "Nisamehe, nyabo. Nilikuwa nakutazama, herufi ikanipotea."

"Tazama ukuta wako. Mimi niachie sabuni yangu."

Foleni ikacheka, kicheko cha watu waliochoka. Sabuni ilikwisha kabla Eseza hajafikiwa. Yule fundi, Romano, Mgisu wa Mbale, akamkatia nusu ya kipande chake. Hivyo ndivyo walivyoanza.

Jumapili baada ya ibada Romano alikuwa akimfuata kwake Wanyange, shati limepigwa pasi, kola ina rangi. Alimwita mukwano, yaani mpenzi, akamtania kuwa Wasoga wenzake huota viazi usingizini. Eseza naye akamrudishia kuwa Wagisu huyala malewa, yale machipukizi ya mianzi, kabla hayajatokeza.

Lakini jicho la fundi halilali. Romano aliona kwamba kila alipokawia hadi jioni, Eseza alipakua chakula kwenye sahani ya bati iliyobanduka ukingoni, akaifunika kwa nyingine, akaiweka kuelekea mlango.

"Cha nani hicho?"

"Cha kaka yangu, Kirunda. Watu wa serikali, wa miwani myeusi, walimtia kwenye buti ya gari, mlangoni pa kazi yake. Hajafa."

Romano akaikariri sahani ile kwa macho.

Kisha akapata kazi kwao Mbale, kupamba ukuta wa hoteli ya Mama Nambozo. Siku hazikuwa nyingi, Omollo, dereva Mkenya wa malori, rafiki wa Romano, akasimama Wanyange kununua samaki.

"Shemeji, umekuwa mtu mkubwa! Nimekuona ukutani kwa Nambozo, mrefu kama mlango. Sahani yako mkononi, kamba kavu ya mgomba kiunoni."

Eseza akajishika kiuno. Kwa Wasoga, mwanamke hujifunga kamba ile siku ya msiba. Alipochukuliwa Kirunda, mama yake hakuifunga, yeye hakuifunga. Kuifunga bila maiti ni kumzika mtu kwa mikono yako mwenyewe.

Akaenda posta kupiga simu hotelini Mbale.

"Romano, nani amekufa?"

"Mpenzi? Sauti yako iko mbali. Nani?"

"Umenifunga kamba! Futa picha yote. Na Wanyange usikanyage tena."

"Eseza, nisikilize, roho yangu..."

Laini ikakatika. Romano akadhani Eseza ndiye aliyekata. Eseza akadhani ni Romano. Kila mmoja akabaki na uchungu wake.

Eseza aliomba, akamwachia Mungu, lakini moyo haukutulia. Mwisho akapanda basi kwenda Mbale, akaingia hotelini amejitanda leso mpaka machoni, asijulikane. Wala hakuna aliyemtazama. Watu walikuwa wanakunywa chai isiyo na sukari huku wanautazama ukuta.

"Yule ni shangazi yangu kabisa," alisema mama mmoja wa Namatala. "Hata sahani, ona ilivyobanduka."

"Shangazi yako wapi?" mzee Masaba akamkatiza. "Yule ni marehemu mke wangu. Aliningoja hivyo nilipokuwa vitani Burma."

Eseza akashangaa. Sahani ile ilikuwa kabatini kwake Wanyange.

Mara akaingia askari. Vikombe vikawekwa mezani. Akasimama mbele ya ukuta.

"Nani nachora hii?"

Romano akatoka jikoni, mikono imejaa rangi. "Mimi, afande."

"Wewe nafika kwetu Nebbi lini?"

"Sijafika, afande."

"Mwongo! Huyu mama yangu. Yeye nafunika chakula yangu namna hii hii." Akavua kofia, akajifuta uso, akaivaa tena. "Usifute."

Akatoka, hata chai hakuagiza. Eseza akateremsha leso.

"Romano, kamba ile uliitoa wapi? Mimi sikuwahi kuivaa."

Romano almanusura aangushe kopo la rangi. "Niliwaona wanawake wa Jinja wamebeba ndizi, wote wamejifunga hivyo. Nikadhani ni mshipi wa kazi. Bila kitu kiunoni picha haikuaminika."

"Walikuwa wanazipeleka msibani."

Fundi akakaa chini. "Yesu wangu. Eseza, sikujua." Kisha akainuka. "Nifute yote?"

Eseza akamtazama mzee Masaba, akamtazama yule mama wa Namatala. Wote walikuwa wanasubiri jibu.

"Futa kamba tu. Niwekee mshipi wangu mwekundu, fundo upande wa kushoto. Na usibuni tena."

Brashi ikapita. Kamba ikazama ndani ya wekundu. Romano, bado amegeukia ukuta, akasema, "Nataka kukuoa, mukwano. Uhamie hapa Namakwekwe, chumba ninacho."

"Kuolewa, ndiyo. Kuhama, hapana. Kirunda akirudi akute mlango ni wa watu wengine, ataingia wapi? Hamia wewe Wanyange."

"Na asiporudi?"

Eseza akavuta kiti, akakaa. Miguu ilikuwa inamuuma.

"Basi tutakuwa wawili wa kungoja. Peke yangu nimechoka."