Ijumaa Saa Nne Tunafunga

"Vinyozi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Nywele hazijawahi kumuua mtu," alijibu Bwana Afya. "Wafunge."

"Mazishi?"

"Yaruhusiwe. Watu kumi, nje, barakoa. Marehemu hawezi kungoja."

"Harusi?"

Walikuwa watu watano wa Kamati ya Dharura, kila mmoja ameketi kando ya dirisha lililo wazi, na tangu asubuhi walikuwa wakiamua kipi pale mjini ni cha lazima na kipi kikae nyumbani mpaka gonjwa lipite. Duka la dawa, lazima. Mkate, lazima. Walipofika kwenye harusi wakaanza kutazamana, maana kila mmoja alikuwa na mpwa anayetaka kuoa.

Ndipo Karani, mtu ambaye kazi yake ni kuandika na si kusema, akafungua kinywa.

"Harusi zinaweza kungoja. Hakuna aliyewahi kufa kwa kungoja kuoa."

Wakacheka, wakapitisha. Mwenyekiti, mama aliyestaafu ualimu mkuu lakini ualimu mkuu ukakataa kumstaafu yeye, akaendelea.

"Kama harusi hakuna, mkodisha viti na maturubai anafungua kwa ajili ya nani? Na yeye afungiwe. Ijumaa, saa nne asubuhi."

Kalamu ya Karani ikakwama hapohapo. Mkodisha viti alikuwa mmoja tu mji mzima, na alikuwa mchumba wake. Watu walimwita Mwenyeviti, kwa sababu alikuwa navyo mia tatu. Miaka minne Karani alikuwa akimwahidi ndoa, na kila mwaka alikuwa na sababu: mara angoje kupandishwa cheo, mara apate nyumba ya vyumba viwili, mara mwaka wenyewe si mzuri. Mlaghai hakuwa. Alikuwa anaogopa tu kutia saini kitu kisicho na tarehe ya mwisho.

Wakati wa mapumziko akaona heri mwenzake aisikie habari kwake kabla ya barua kumfikia. Akaandika ujumbe:

"Mpenzi, kikao kimepitisha. Ijumaa saa nne asubuhi tunafunga. Najua ni ghafla, nimetaka uisikie kwangu kwanza."

Simu ikaita kabla hajaitia mfukoni.

"Unasema kweli?" Sauti ya Mwenyeviti ilikuwa inatetemeka.

"Kweli. Imeshaandikwa."

"Ijumaa hii?"

"Hali yenyewe unaiona. Tukichelewa ndiyo itakuwa mbaya zaidi."

"Mimi sijakataa! Nani atakuwepo?"

"Mimi, Mwenyekiti, na askari mmoja."

"Askari wa nini?"

"Asije mtu akaleta pingamizi dakika ya mwisho."

Upande wa pili kikasikika kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Mpaka askari! Leo ndiyo nimeamini umeamua. Mimi nifanye nini?"

"Uwe tayari tu. Karatasi ninayo. Utasaini, nitasaini, Mwenyekiti atagonga muhuri. Dakika tano."

"Nivae nini?"

Karani akaliona swali la ajabu, lakini akajiambia mtu mwenye majonzi huuliza lolote. "Vaa upendacho. Barakoa tu ndiyo lazima."

"Mama nimwambie?"

"Mwambie, ila asipige kelele."

"Nakupenda, wewe mwanaume! Unasikia? Nakupenda!"

Karani akarudi kikaoni kifua mbele. Mwanamke anafungiwa biashara na bado anakwambia anakupenda! Jamani, mtu anaweza kusoma mpaka akakabidhiwa mihuri ya ofisi nzima, na bado asikumbuke kwamba duka hufungwa, na ndoa pia hufungwa.

Ijumaa, saa nne kasoro dakika tano, Mwenyekiti alisimama ghafla mbele ya ghala la viti, Karani na askari nyuma yake.

"Karani, mimi naona nini pale?"

Uwanja mzima ulikuwa mweupe. Maturubai sita, chini ya kila moja viti kumi vyenye vitambaa, na kamba imepita katikati ya turubai na turubai. Mama mzazi wa Mwenyeviti alikuwa mbele na gauni la zambarau. Shangazi mtu alikuwa turubai la nyuma kabisa, analalamika. Na Msajili wa Ndoa, ambaye ofisi yake ni mlango wa tatu kutoka kwa Karani, alikuwa ameketi na lile daftari lake kubwa magotini.

"Mikusanyiko sita," alisema Mwenyeviti akitokea ghalani. "Mmesema watu kumi kwa mkusanyiko, Mama. Kila turubai na mkusanyiko wake. Hata nafasi nimepima kwa futi."

Alikuwa na gauni jeupe, na barakoa iliyoshonwa kwa kitambaa cha gauni hilohilo. Karani alimtazama akasahau kilichomleta. Kwa bahati mbaya kilikuwa mkononi.

"Mbona umekuja na kufuli?" Mwenyeviti alimuuliza.

Karani akalificha mgongoni, karatasi ikabaki mkono wa pili. Mwenyeviti akaichukua karatasi, akasoma kichwa chake: TAARIFA YA KUFUNGA BIASHARA ISIYO YA LAZIMA.

"Someni kwa sauti!" Shangazi alipaza sauti. "Huku nyuma hatusikii!"

"Ulisema tunafunga," alisema Mwenyeviti taratibu.

"Duka," alinong'ona Karani. "Nilimaanisha duka."

"Na askari?"

"Wa duka."

Mwenyeviti akamgeukia Mwenyekiti. "Mama, redioni nilisikia sherehe tu. Kwani na ndoa mmezizuia?"

"Harusi zinaweza kungoja. Hayo ni maneno ya huyuhuyu, yamo kwenye kumbukumbu."

"Alisemaje hasa?"

Mwenyekiti hakuwahi kumfichia mwanafunzi jibu, na siku ile hakuanza. "Alisema hakuna aliyewahi kufa kwa kungoja kuoa."

Mwenyeviti hakulia. Alichukua kalamu mfukoni mwa Karani, akasaini pale palipoandikwa Mmiliki, akamrudishia.

"Viti hivi vimekaliwa kwenye harusi za mji mzima," alisema. "Kila mara najiambia yangu itafuata. Wiki hii nilikuwa nimeshaamua kukwambia kila mtu ashike njia yake. Ndipo ukaingia ujumbe wako. Kumbe ni duka! Kazi yako ni kupanga cha lazima na cha kungoja, na mimi miaka minne umeniweka kwenye cha kungoja. Haya, funga. Na ukimaliza usinipigie tena."

Akaanza kukunja viti. Pa! Pa! Pa! Kila kiti kilichokunjwa kilimwingia Karani kifuani. Alipofika cha ishirini, Karani akafungua mkoba na kutoa karatasi nyingine, Fomu ya Ruhusa Maalumu.

"Mama Mwenyekiti, nina ombi."

"Mwombaji ni nani?"

"Mimi."

"Anaomba nini?"

"Kuoa. Leo."

"Eleza madhara yatakayotokea huduma hii ikiahirishwa siku thelathini."

Swali lile alilitunga Karani mwenyewe.

"Atakunja viti sitini, na cha sitini na moja ni mimi. Niliposema hakuna anayekufa kwa kungoja, nilisema hivyo kwa sababu aliyekuwa anangoja si mimi. Nampenda. Ndoa naiogopa, sikatai, lakini namwona anavyokunja viti na hilo naliogopa zaidi. Andika hivyo, Mama."

"Mwandishi ni wewe."

Akaandika. Mwenyekiti akapiga muhuri.

"Sitaki," alisema Mwenyeviti.

"Hee!" Mama yake akainuka. "Mwanangu, muhuri huo!"

"Sitaki ruhusa maalumu, Mama. Wangapi mjini wamevunjiwa harusi kwa maneno yake? Niolewe mlango wa nyuma kwa kuwa mchumba wangu anashika funguo za kabati la mihuri? Ndoa ikiwa ya lazima, iwe ya lazima kwa wote. Akate ule mstari wa harusi kwenye orodha yenu."

"Binti," alisema Mwenyekiti, "unajua unazungumza na Mwenyekiti?"

"Najua, Mama. Wewe una kiti kimoja. Mimi ninavyo mia tatu."

Mwenyekiti akacheka mpaka barakoa ikamshuka kidevuni. Akaipandisha, akawapigia wajumbe mmoja mmoja kwa kipaza sauti, uwanja mzima unasikiliza. Wajumbe wale, kumbe, siku mbili hizo walikuwa wamenuniwa na wapwa zao.

"Kama mazishi yanawezekana, na harusi inawezekana," alisema Bwana Afya. "Watu kumi, nje, nusu saa. Mimi sina neno."

Karani akatoa orodha mkobani, akaukata mstari ule kwa rula.

"Na hao kumi watakaa wapi?" aliuliza Mwenyeviti papo hapo. "Chini?"

Mwenyekiti alilitazama kufuli. "Karani, rudisha hilo mkobani. Na hii mikusanyiko sita ni hesabu ya ujanja. Watu kumi nimesema. Wengine nyumbani!"

Shangazi alishuhudia ndoa kwa simu akiwa ng'ambo ya barabara, na vigelegele vyake havikuhitaji simu. Msajili alipouliza kama bibi harusi anakubali, Mwenyeviti alimtaka Karani arudi nyuma hatua tatu, ashushe barakoa, aseme tena alichokiandika kwenye fomu, amwone mdomo unavyosema. Karani akasema lote, safari hii bila karatasi.

"Nakubali," alisema Mwenyeviti.

Redio ilitangaza mabadiliko saa sita. Saa saba simu ya Mwenyeviti ilikuwa haina pumzi. Wa kwanza walikuwa mpiga chapa na mkunga, wamechumbiana miaka saba, wanataka viti kumi sasa hivi kabla kamati haijabadili mawazo. Bibi harusi akalifunga gauni lake jeupe magotini na kuanza kupakia mkokoteni.

"Shika upande huo, mume wangu. Taratibu."

Karani akasimama kama aliyepigwa na umeme. Viti vinne vikamponyoka, vikamwangukia miguuni.

"Umeumia?"

"Sana," alisema, naye anacheka. "Hebu niite tena."