Chuki Mwachie Jabari

"Furu, Furu, unanipata?"

Motorola ilikoroma ndani ya koti. Evelina Machibya alizima pikipiki, Honda XL, katikati ya kelele za soko la mitumba.

"Nakupata, Mzee."

"Ndege ameimba. Njoo."

Furu lilikuwa jina lake la kazi. Ni samaki mdogo wa ziwani, yule ambaye sangara amemla hadi karibu kummaliza. Aliyemchagulia jina hilo alikuwa na utani mbaya.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la redio za Taiwan. Mzee Ngosha, mkuu wa usalama wa kanda, alikuwa amesimama dirishani. Mezani palikuwa na rekoda ya Sony, na nyuma yake Nkwabi, mtu wa kunasa mawasiliano ya magendo ziwani, akiwa na visikilizio masikioni.

"Ni shaili, dada," Nkwabi alisema. "Ameliludia mara tatu. Chuki mwachie jabali, wewe vuka wende zako."

"Chuki ni masanduku ya bunduki, hilo tunalijua," Ngosha alisema. "Na jabali ni lile jiwe la ufukweni pale mjini. Askari wote wanakwenda jiweni."

Evelina alibonyeza rekoda. Sauti ilitoka na mikwaruzo mingi, huwezi kutofautisha ra na la. Lakini mwenye sauti alimjua, na mwili ukamsisimka.

Mwalimu Mhoja.

Mhoja ndiye aliyewafundisha Kiswahili, yeye na kaka yake Yakobo, kule Sengerema. Kisha serikali ikapunguza wafanyakazi, soko likawa huria, na mwalimu akagundua kwamba bunduki zinauzika kuliko chaki. Mwaka jana Yakobo, askari wa forodha, alisimamisha boti moja ziwani. Ilikuwa boti ya Mhoja. Yakobo alirudishwa nyumbani ndani ya turubai.

Na shairi alilijua pia. Lilikuwa la kale, la watu wa pwani, na Mhoja aliwakaririsha kwa fimbo:

*Hasira moto wa pumba, huteketea kwa ndani,*
*Alipizaye huimba, kisha hulia nyumbani...*
*Chuki mwachie Jabari, wewe vuka wende zako.*

"Jabari! Si jabali!" alikuwa akifoka. "Jabari ni Mungu, jabali ni jiwe! Utasujudia jiwe, wewe?" Yakobo alikula fimbo hadi darasa la saba, na ra haikumjia hata siku moja.

"Mzee, siyo jiwe," Evelina alisema.

"Kwa nini?"

"Jiwe angesema *liachie*. Amesema *mwachie*. Huyo ni Jabari, ni Mungu. Mhoja anajua Wasukuma tunamsikiliza, na Msukuma ataandika jabali."

Nkwabi alivua visikilizio. "Mimi nimeandika nilichosikia, dada."

"Ndicho alichotaka, kaka yangu. Anamwambia mchukuzi wake aache mzigo kwa Mungu, halafu avuke ng'ambo. Nyumba ya Mungu, kando ya maji, isiyo na waumini."

Ngosha aliliona bila kuambiwa. Kwenye njia ya Igombe palikuwa na kanisa bovu lililohamwa zamani.

"Siwezi kuwaondoa askari jiweni kwa sababu ya sarufi," alisema. "Nenda peke yako. Na Furu, namtaka hai. Yeye tu ndiye anayejua nani huko nje anazileta hizo bunduki."

Evelina alichukua helmeti yake. Kwenye msiba wa Yakobo mama yake alimshika mkono akamwambia, "Usiniletee habari nyingine ya mtu huyo. Niletee kifo chake." Kwa mwaka mzima Beretta yake ilikuwa na risasi moja yenye jina, na jina lilikuwa Mhoja.

Honda iliruka mashimo ya barabara ya uwanja wa ndege. Wadudu wa ziwani walikuwa wametanda juu ya maji mchana kweupe, weusi, wengi. Na nyuma yake, kwenye kiti kitupu, alikaa mtu.

Hakugeuka. Alijua akigeuka hataona kitu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Chuki mwachie jabali," Yakobo alisema sikioni.

"Nyamaza, kaka."

"Jabali, Eve. Jabali."

Alilia ndani ya helmeti na hakupunguza mwendo.

Kanisa halikuwa na bati hata moja. Mlinzi mwenye SMG alikuwa amemgeuzia mgongo, anakojoa ukutani. Helmeti ilitua kisogoni na mlinzi akalala.

Ndani, masanduku yalipangwa hadi mahali palipokuwa altare. Juu ya mojawapo aliketi mzee mwenye miwani, miguu ameikunja.

"Shikamoo, mwalimu."

Lilimtoka lenyewe, Beretta ikiwa mkononi. Alijichukia kwa hilo.

"Marahaba, Evelina. Kumbe kuna Msukuma mmoja alinielewa."

"Mikono juu."

"Hutanipiga. Shairi linakataza kisasi, na nilikufundisha vizuri." Mhoja alitabasamu. "Kaka yako je? Alipopiga magoti kwenye boti aliniambia, namwachia jabali. Anakufa, bado jabali!"

Akacheka.

Hasira ilimpanda Evelina hadi macho yakaona giza. Kidole kilikaza. Alitaka kumuua, alitaka kwa roho yake yote, na mtu wa nyuma yake alikuwa kimya kabisa.

"Ulitufundisha vibaya," alisema. "Ulituchapa kwa neno moja, ukauruka mstari mzima. *Alipizaye huimba, kisha hulia nyumbani.* Mtunzi hakusema mlipizaji hana haki. Amesema atalia. Mimi nimeshamlilia Yakobo. Wewe sikulilii."

Mhoja aliacha kucheka. Akaruka kupitia tundu la dirisha, akakimbilia boti iliyofungwa nje na injini ya Yamaha.

Risasi moja.

Injini ilipasuka na kumwaga mafuta majini. Mhoja alibaki amesimama ziwani, maji magotini, miwani imepotea. Mwalimu mzima aliogopa maji kama paka. Evelina aliingia, akamkunja mikono, akamfunga pingu.

"Mzee, Furu hapa. Mzigo uko kanisani. Mwalimu ninaye."

"Yuko hai?"

Evelina aliangalia kisogo kilicholowa mbele yake. Kisha akabonyeza Motorola.

"Yuko hai."

Land Cruiser zilifika na vumbi lake. Askari walibeba masanduku, Mhoja akatupwa nyuma ya gari. Ngosha alimpa Evelina kitambaa ajifute matope.

"Hilo shairi umelielewa, mama."

"Sijamsamehe, Mzee."

"Sikukuuliza hilo."

Evelina alimrudishia kitambaa, akapanda Honda na kuondoka taratibu, bila kugeuka. Hakuelekea ofisini. Alishika njia ya Kisesa, kwa mama yake, kwenda kumwambia kwamba aliyemuua Yakobo yu hai, na leo jioni atakula ugali rumande.