Kona Aliposukuma Osoro

"Panda twende."

"Sipandi pikipiki hiyo, Osoro. Nitatembea."

"Mpaka kwenu Nyamache? Na hilo begi?"

Abigael akalitazama begi lake. Mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Ulimtoa kwao mwenyewe, umrudishe mwenyewe," ndivyo alivyomwambia mwanawe asubuhi hiyo. Basi Osoro akalifunga begi nyuma kwa mpira, na Abigael akapanda. Akakaa upande, miguu pamoja, jinsi mama huyo alivyomfundisha alipoolewa.

Miezi mitano iliyopita alikaa hivyo hivyo wakienda kanisani siku ya Sabato, na tumbo lake kubwa. Pikipiki ilikuwa mpya, Osoro mwenyewe bado akijifunza kuiendesha. Wakaanguka kwenye kona iliyo chini ya Masimba, na mtoto akafia tumboni. Angeitwa Nyasani, jina la marehemu babake Osoro. Tangu siku hiyo mama mkwe hakuwa na wimbo mwingine: "Alijitupa upande kama gunia. Amemwaga jina la mume wangu!"

Na Osoro? Kimya. Anakula ugali, anaangalia sahani. Jamani, kuna mume anayekuumiza kwa mdomo na kuna anayekuumiza kwa kunyamaza. Abigael alikuwa amechoka na huyu wa pili.

Walipoikaribia kona ile, Osoro akazima injini.

"Shuka."

"Kuna nini?"

Osoro akashuka pia. Akaanza kuisukuma pikipiki, jasho likimtoka. Ochoki, mwanaboda aliyemfundisha kuendesha, akapita akicheka.

"Osoro! Bado unasukuma tu, miezi yote hii? Si nilikwambia? Punguza mwendo kabla hujaingia, angalia utakakotokea, na ukiwa ndani usibane breki!"

Akaenda zake. Abigael akabaki amesimama.

"Kumbe kila siku unasukuma hapa?"

"Kila siku."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilibana breki." Akaisimamisha pikipiki kando. "Niliona lori la majani chai linakuja, nikaogopa, nikabana breki katikati ya kona. Tairi likateleza. Si wewe, Abigael. Ni mimi."

"Na ukaniacha nitukanwe miezi mitano?"

"Nilimwogopa mama. Nilikuogopa hata wewe."

"Na mimi je? Nilihisi pikipiki inalala, nikajivuta upande ule mwingine. Kila siku najiambia mimi ndiye nimemuua mtoto wangu. Mimi, Osoro!"

Akalia kwa sauti pale kando ya shamba, wachumaji chai wakageuka kumtazama. Osoro akanyoosha mkono. Abigael akausukuma.

"Usinishike. Mpigie mama yako. Sasa hivi, na nisikie."

Osoro akapiga, akaweka spika.

"Mama, siku ile ni mimi nilibana breki ndani ya kona. Abigael hana makosa. Nilinyamaza kwa uoga."

Mama akajibu kwa sauti ya chini.

"Osoro. Nani alimwambia akae upande?"

"Mama..."

"Ni mimi. Aliniambia anaogopa, hana pa kushika. Nikamwambia mke wa mtu hapanui miguu akienda nyumba ya Mungu. Ee Nyasae, Mungu wangu! Nimempigia huyu msichana kelele ili nisisikie hatia yangu mwenyewe. Mpe simu."

Abigael akaichukua. Walilia wote wawili, huku na kule, wala hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

"Utarudi, mwanangu?"

"Sijui, mama. Kwanza nipite hii kona."

Akakata simu. Akafunga leso juu ya rinda lake, akapanda akitanua miguu, akamshika mumewe kiunoni.

"Acha kusukuma. Endesha."

"Naogopa, Abigael."

"Hata mimi. Ukiinama, nitainama."

Osoro akawasha. Akapunguza mwendo mapema, akatazama mbele watakakotokea, vidole vyake mbali na breki. Pikipiki ikainama, na Abigael akainama nayo, shavu lake mgongoni mwa mumewe. Wakapita pale mahali. Wote wawili walipajua, wala hawakupatazama.

Wakatokea upande wa pili. Osoro alikuwa akilia ndani ya helmeti.

"Osoro."

"Eeh."

"Tukifika kwetu, hilo begi usilishushe."