Bei ya Mikono ya Thembo

Siku ya soko Kasese, ukiingia duka la vifaa vya ujenzi, hakikisha una viwiko. Docus alikuwa navyo. Alikuwa pia na gauni la kitenge la manjano, lililomkaa kiunoni kiasi cha kuwapotezea wauza misumari hesabu, na viatu vyeupe ambavyo mtu mwenye akili zake havivai penye simenti. Alikuwa ameinamia rundo la mabati, anayagonga kwa kidole moja baada ya jingine. Ko! Anasikiliza. Anatikisa kichwa. Ko!

"Dada," sauti ikasema nyuma yake, "ile ni bati. Haiko tikiti."

Akageuka. Kijana mrefu, shati la bluu limekunjwa mikono, penseli sikioni, vumbi la simenti kwenye nyusi kama mtu aliyezeeka asubuhi hiyohiyo.

"Na wewe ni nani wa bati? Baba yake?"

"Miye Thembo, fundi wa kule Bwera. Bati haigongwe, unaishika unene, hivi." Akabana ukingo kwa vidole viwili. "Hii, ukipiga chafya inakunjika."

Mwenye duka akakohoa kwa nguvu. Thembo hakumsikia, au alijifanya.

"Wazazi wangu wako Bwera," Docus akasema, kisha akajiuliza nani kamuuliza.

"Basi niko fundi yako tangu uzaliwe. Umechelewa tu kuniita."

Docus alijikataza kucheka. Akacheka. Akatoka dukani bila bati hata moja, ila namba ya simu ya Thembo alikuwa nayo, na shingo ilimwaka moto kana kwamba jua la Kasese lilikuwa limeanza siku hiyo.

Msidhani alikuwa mwepesi. Docus alikodisha magauni ya harusi mjini. Alishaona bibi harusi akilia na bwana harusi akikimbia, na hakuna aliyeweza kumdanganya kirahisi. Mafundi ndio walikuwa wamemwonea mara moja. Mwaka uliopita mmoja alikubali kutengeneza paa la wazazi wake, akataja bei ya mbao, bati na misumari, akanyamaza kuhusu bei ya mikono yake, yaani ufundi. Siku paa liliposhushwa ndipo akaitaja. Mama akalala chini ya turubai mpaka masika yakachoka.

Tangu hapo Docus akawa na sheria zake. Anaita mafundi watatu. Wote wanaambiwa kazi moja: paa jipya, plasta, baraza mbele. Kila mmoja anataja mbao peke yake, bati peke yake, mikono peke yake. Na kabla ya kumwamini fundi, yeye mwenyewe anakwenda kwenye nyumba aliyoijenga fundi huyo zamani, wakati mvua inanyesha.

Wa kwanza alikuwa Benon wa Kasese, mwenye viatu vya kung'aa na maneno machache. Wa pili alikuwa Nobert, binamu yake Docus mwenyewe, ambaye hakupima chochote; aliitazama nyumba kutoka barabarani huku anatafuna muwa, akataja bei. Alitolewa mashindanoni kabla hajatema makapi. Wa tatu, Thembo, alipima kila ukuta mara mbili, akapanda juu, akashuka na utando wa buibui kichwani, kisha akavua kofia na kumsalimia Tata Yafesi, baba yake Docus, kwa heshima ndefu kuliko iliyohitajika kwa kazi ya plasta.

"Huyu mutoto wa nani?" mzee akauliza baadaye.

"Ni fundi, Tata."

"Hm," mzee akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Mvua ya kumpima Thembo ilianguka Ibanda, kwenye njia ya kupandia mlimani. Mama mmoja ambaye Thembo alimwezekea nyumba aliwafungulia mlango, akawaacha sebuleni, akaenda jikoni kwa busara. Juu ya vichwa vyao bati lilinguruma mpaka mtu asisikie mawazo yake. Docus akasimama katikati, uso umeelekea juu, anangoja tone.

"Unaona?" Thembo akamwambia sikioni, maana bila hivyo asingesikika. "Hata moja."

"Subiri. Bado mapema."

"Tusubiri mpaka kesho?"

"Nyamaza, naangalia paa."

Lakini paa alikuwa ameacha kuliangalia zamani. Alikuwa ananusa sabuni ya shati lake, mbao mbichi na mvua. Kama tone lingeanguka wakati ule, lingemwangukia puani na asingejua.

Baada ya Ibanda, simu zikaanza. Yeye Kasese, mwenzake Bwera, na mtandao wa Kongo, ng'ambo ya mpaka, unaingilia kati kila mara kama mama mkwe.

"Sheri, umekula?"

"Nani sheri, nani mpenzi? Naongea na fundi wangu."

"Fundi yako anauliza kama sheri yake amekula."

"Amekula. Leo nimevalisha bibi harusi mnene, zipu imegoma kabisa."

"Wewe zipu yako haitagoma."

"Thembo! Haya, bei yangu iko wapi? Benon ameshaleta."

Thembo akavuta pumzi. Sauti ikabadilika, ikawa ya mtu aliyevaa koti. Akataja mbao. Akataja bati, zile nene. Akataja simenti, mchanga, misumari. Akanyamaza.

"Na mikono?" Docus akauliza.

"Ile ya mikono nitaongea na baba."

"Nini?"

"Usijali ya mikono, Docus. Nitaongea na baba yako."

Docus akahisi turubai la mama yake likimwangukia kichwani. Ndiyo hiyohiyo! Mbao zimetajwa, bati limetajwa, mikono imefichwa. Na hii ilikuwa na pilipili juu yake: hela ni yake, mafundi kawaita yeye, halafu bei wakaongee wanaume?

"Kwa nini baba? Mimi siwezi kuhesabu?"

"Haiko vile. Ni mambo ya—"

"Basi kama ni mambo ya wanaume, tafuteni mwanaume awalipe."

Akakata. Usiku haujaingia, kazi akampa Benon. Kesho yake simu ya Thembo ikalia mara moja tu. Hakupokea. Akasubiri ilie tena ili asipokee tena, ila haikulia.

Haikulia wiki hiyo wala iliyofuata. Docus akawa anavalisha mabibi harusi huku jicho liko kwenye simu. Akafunga vifungo vya mgongoni vikapishana, bibi mmoja akaenda kanisani amepinda kama ndizi. Mvua ikinyesha Kasese, anainua uso kwenye dari la duka bila sababu. Alipita kwenye lile duka la vifaa, akagonga bati. Ko! Hakuna aliyemcheka. Hapo ndipo alipojua kwamba mambo yameharibika.

Na Benon, ole wake, hakuwa hata na kosa la kumfariji. Alifanya kazi safi, kwa bei aliyoitaja, akamaliza. Docus akaenda Bwera kuikagua. Mvua ikaja, nyumba ikakaa kavu. Mama akaimba. Docus akakaa kwenye baraza jipya, uso kama wa mtu aliyefiwa.

"Paa limekukosea nini?" Tata Yafesi akauliza, akivuta kigoda.

"Hakuna, Tata. Ni zuri."

"Nilidhani angekuja kulijenga ule mutoto wa kofia."

"Thembo? Alitaka kutuibia. Alikataa kunitajia bei ya mikono. Eti ataongea na wewe."

Mzee akasogeza kigoda karibu.

"Alisema hivyo? Mikono, ataongea na baba?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikampa Benon kazi."

Tata Yafesi akaanza kucheka, taratibu, kisha mabega yote. Mama akachungulia dirishani kuona kama ni kikohozi.

"Docus wangu! Kumbe kukulelea mjini kwa shangazi kumetugharimu. Mutu hapokei malipo ya mikono kwa baba wa musichana anayemutaka. Anajenga bure, baba anamwangalia anavyofanya kazi, halafu wanaongea mbuzi wa mahari. Mimi nilimjengea nyanya yako mzaa mama jiko, vidole vyote vilivimba. Kijana alikuwa anakuposa! Na wewe, kumpa mwingine ile kazi," mzee akajifuta machozi, "hiyo ndiyo 'hapana' kubwa kuliko zote."

Docus alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

"Yuko wapi sasa?"

"Wanasema Mubuku. Anaezeka ghala ya mpunga. Lakini ngoja kwanza, kuna kitu nataka umuulize."

Mubuku maji yalikuwa yanakimbia kwenye mifereji, mpunga kijani mpaka macho yanauma. Docus akashuka kwenye boda, matope yakamkaribisha mpaka vifundoni. Thembo alikuwa juu ya ghala pamoja na mafundi wengine, shati limelowa jasho, amekonda kidogo.

"Thembo! Shuka!"

Nyundo ikagonga mara mbili zaidi. "Nakusikia toka hapa, dada."

Dada! Ilimchoma kuliko tusi.

"Siwezi kupiga kelele mambo ya mapenzi mbele ya watu!"

Nyundo zote zikanyamaza. Thembo akashuka ngazi polepole, akasimama mbali kidogo naye.

"Docus, ulishanijibu. Nilisema nitaongea na baba, ukapa Benon kazi. Mutu haulizi mara mbili."

"Sikujua kama umeuliza."

"Hukujua?"

"Nilidhani unataka kuniibia! Nimekulia mjini, Thembo. Hakuna mtu aliyewahi kunijengea kitu. Tata kanieleza jana, kacheka mpaka karibu azimie. Nimelia kwenye baraza jipya kabisa."

Thembo akaangalia chini. Mdomo ulitaka kucheka, macho bado yalikuwa na maumivu.

"Na Benon amejenga vizuri?"

"Vizuri sana. Halivuji."

"Iko fundi," akakubali kwa uchungu. "Basi kazi imeisha."

"Imebaki moja. Tata amekataza Benon asiiguse. Amenituma kuita fundi."

"Wewe unaita watatu."

"Hii naita mmoja."

"Kazi gani?"

"Banda la mbuzi."

Thembo akakunja nyusi. "Tata yako hana mbuzi."

"Hana," Docus akasema, akimtazama machoni. "Bado."

Huko juu mtu akapiga mluzi mrefu. Wenzake walikuwa wameelewa kabla yake. Kisha naye akaelewa. Akafuta mikono kwenye suruali, viganja na migongo yake, akaushika mkono wa Docus mbele ya Mubuku nzima.

"Mwambie Tata nakuja Jumamosi na wajomba zangu," akasema, sauti ikikwaruza. "Na mlango tutaufanya mupana. Mbuzi za wajomba kule Bwesumbu beko na pembe kubwa."