Binti Mwenye Sauti Nyembamba

Dobi huyu alikuwa na pua ya kumnusa panya anayewaza tu kufa. Kutwa nzima anashika soksi za watu, mashuka ya watu, kola zenye utando wa jasho unaong'aa kama njia ya konokono, na kila asubuhi tumbo lilimchafuka upya kana kwamba ndiyo kwanza ameanza kazi. Ndiyo maana siku ile, mlangoni mwa duka kubwa, watu wakikanyagana kuwahi ndani, alimpenda mlinzi kabla hata hajamtazama usoni. Sare yake ilinukia sabuni na pasi.

Mlinzi akampitishia kile kifimbo cha kupimia vyuma. Kikapiga ukelele.

"Dada, una nini hapo kifuani?"

"Moyo."

"Moyo wa bati?"

Dobi akasogeza mtandio. Blauzi ilikuwa imejaa pini, kila moja imefungwa kipande cha uzi wa rangi yake.

"Alama za nguo za wateja," akasema. "Nyekundu za mwenye hoteli, kijani za daktari."

"Na nyeupe?"

"Nyeupe ni za nyumbani kwetu. Hizo huzipati ng'o."

"Nitakuja kuzitafuta."

"Mnatongozana au mnapima?" akafoka mama mmoja nyuma yao, na foleni nzima ikacheka.

Basi wakapendana. Simu zao zilipata moto hadi ungeweza kupigia pasi. Shangazi yake dobi, ambaye ndiye mwenye duka la kufulia, alikuwa akisikia "malaika wangu" mara nyingi mpaka akaanza kuitikia yeye.

Kisha mlinzi akajiwa na wazo: pete ya ndoa ataitafuta ardhini mwenyewe. Akanunua mashine ya kutafutia dhahabu, ile yenye mpini mrefu na sahani ya duara chini. Na kwa akili zake zote, katika dunia nzima akachagua kijito cha nyuma ya machinjio, eti mchanga wake unatoka milimani kwenye dhahabu.

"Mashine hizi nazijua, mpenzi. Maisha yangu yote napima watu."

Hapo ndipo alipopotea. Alikipima kijito kama mteja mlangoni: juu, chini, harakaharaka, usawa wa kiuno. Kidogo tu aiambie ardhi igeuke. Mzee mtafutaji aliyekuwa akimfundisha alimchapa kiganjani.

"Chini, bwana! Chini, na polepole! Dhahabu haina mifuko!"

Siku dobi alipokwenda kumtazama, alivaa gauni la buluu lililopigwa wanga na viatu vyeupe. Viatu vile sitaki hata kuvisema. Damu ilikuwa imeganda ukingoni kama ngozi juu ya uji, matumbo yamevimba majini, funza wanatembea kwa kujiamini kama wenye nyumba. Nzi akamwingia mdomoni. Dobi akatapika kichakani, akajifuta, akarudi akitabasamu. Hayo ndiyo mapenzi. Lakini kila alipokaribia, mashine ilipiga kelele.

"Sogea kule, kipenzi, unaniharibia."

Akasogea, kanuna kidogo.

Asubuhi ya pili mlinzi akampigia simu. "Umeamkaje, malaika?" Wakaagana kwa mabusu, naye akaisokomeza simu mfukoni bila kuikata. Dobi akamsikia akiongea na mwalimu wake:

"Yule binti? Kelele nyingi, ndani hamna kitu. Nimemchokonoa jana, ananuka balaa! Nimemrudisha kwenye matope yake."

Sasa wewe msomaji nikuambie mapema, usije ukamchukia bure. Watafutaji wana lugha yao. Mlio mwembamba wa bati na misumari huuita binti. Mlio mzito wa dhahabu huuita mzee. Lakini nani alimwambia dobi?

"Shangazi, mimi nanuka?"

"Sabuni tu, mwanangu. Kwani vipi?"

Alishatoka, aproni kiunoni, povu bado mikononi. Akaingia kijitoni na ndala, tope la kinyesi cha ng'ombe likimpanda vidoleni vuguvugu.

"Kumbe mimi ndiye wa kurudishwa kwenye matope!"

"Mpenzi, nini tena?"

"Usiniite mpenzi! Kelele zangu hizi hapa, chukua!" Akazing'oa pini zote kifuani, akazitupa topeni.

Na mashine, iliyokuwa imelala karibu na mguu wake, ikaguna. Mlio mzito, kama babu anayesafisha koo.

"Usisogee! Mzee huyo!"

"Mzee gani?"

"Mzee! Dhahabu! Yule mwingine wa makelele, binti, ni bati la kopo bovu! Wewe ulidhani…" Akamtazama, akaelewa, akajipiga paji la uso kwa mkono wenye mavi.

Akapiga magoti, akachimba. Ikatoka kwato iliyooza, ikivuja ute wa manjano, na ndani ya ufa wake kipande cha dhahabu ukubwa wa jino la mtoto. Akaviinua vyote kwa pamoja.

"Utakubali nikuoe?"

Dobi akatapika.

"Hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Hiyo ni kwato! Itupe!"

Akachomoa dhahabu, akatupa kwato. Dobi akalitazama tope. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo mashine."

"Inatosha, tumeshapata."

"Nipe. Nishike vipi?"

"Chini. Polepole."

Akaizungusha, pua ameibana kwa mkono mwingine. Binti akalia. Dobi akaiachia pua, akazamisha mkono topeni hadi kiwiko, akafumba macho, akavuta pini. Uzi ulikuwa kijani. Akaitia kwenye aproni, akazamisha tena. Nyekundu. Akazamisha tena, akikohoa kwa kichefuchefu, mpaka akapata aliyoitaka. Akambandikia mlinzi kwenye kola, hapo palipochafuka kupita kote.

Mlinzi akainamisha macho. "Hii si ya kahawia?"

"Ni nyeupe," dobi akasema. "Vua shati nikafue."