Vizingiti vya Bati Jembamba

Jamani, nitalisema jambo hili mara moja, mwanzo hadi mwisho, maana nimechoka kuulizwa na kila anayeingia dukani kwangu kutoa fotokopi. Mtu ana karatasi mbili mkononi, lakini maswali kumi. Haya, sikilizeni.

Gereji ya shemeji yangu inatazamana na duka langu. Mwaka juzi ungepita pale asubuhi ungewakuta mume na mke wamekaa pande mbili za madigadi moja, lile bati linalofunika gurudumu. Mdogo wangu amekaza kipande cha chuma kwa nyuma, mumewe anagonga kwa mbele. Hawaongei. Akitaka mkewe asogeze mkono, anakohoa tu. Bati lililokuwa bapa kama karatasi linaanza kujikunja taratibu mpaka unaliona gari ndani yake.

Kazi yao ilikuwa bodi za magari ya zamani, yale ambayo viwanda vyake viliacha kuyatengenezea vipuri kabla wengine wenu hamjazaliwa. Madigadi moja iliwachukua siku tisa. Wateja waliguna kwa bei, lakini walisubiri, kwa sababu ikifungwa ilikaa kama jino kwenye ufizi. Watoto wao wawili walisoma kwa nyundo ile, na kiwanja walinunua kwa nyundo ile.

Ndipo akaja Dalali. Alikuwa na simu kubwa yenye picha za madigadi, milango na boneti za magari yaleyale, zimetolewa kiwandani zikiwa tayari.

"Fundi, unajiua bure," alimwambia shemeji. "Hii ni robo ya bei yako. Unafunga, unapaka rangi, unakula maisha."

Mdogo wangu aliipokea ile simu, akatazama, akairudisha.

"Magari haya yamebaki mangapi duniani?" aliuliza. "Umbo la chuma la kukandamizia bati ni ghali kuliko gereji hii mara ishirini. Nani atatengeneza jipya kwa wateja wachache hivi? Watakuwa wanatumia umbo lililochakaa, na bati wanalipunguza unene ili wapate faida. Urahisi huu lazima umetoka mahali."

"Mke wangu, wewe unajua viwanda?"

"Najua bati."

Rahisi huvunja upishi, wazee walishasema. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Madigadi ya kwanza ilipofika, ungeweza kupitisha kidole gumba pale inapokutana na boneti. Matundu ya skrubu yalikuwa yanatazama kwingine kabisa. Shemeji alikata, akachomelea, akavuta, akajaza ile lipu ya kuzibia mabonde, akasugua. Siku saba! Nilivuka barabara nikamwambia, "Shemeji, tofauti ya saba na tisa ni siku mbili. Ndio utajiri wenyewe?"

"Wewe endelea na fotokopi zako," akanijibu.

Sasa nieleze faida ilikuwa wapi, maana hapo ndipo panaponiudhi mpaka leo. Haikuwa kwenye muda. Ilikuwa kwenye uongo. Wateja aliwaambia ni kazi ya mkono, kama zamani, akawatoza bei ya mkono. Kisha akaona kumbe hata zile siku saba anaweza kuzipunguza: akiongeza lipu na kupunguza kuchomelea, gari linatoka kwa siku tatu likiwa linang'aa kama bwana harusi. Mdogo wangu akaambiwa abaki nyumbani, hakuna tena haja ya mtu wa kushika nyuma. Mwanamke aliyezoea kazi tangu ujana wake akawa anakuja kukaa kwangu, anapanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

Na bado tungesema ni sura tu, rangi ikibanduka hafi mtu. Lakini Dalali akaleta vizingiti.

Kizingiti cha gari ni ule mkanda wa chuma unaopita chini ya milango. Magari mengine ya zamani huutegemea kubeba uzito, na mtu akitaka kubadili gurudumu, jeki huiweka hapo. Vile alivyoleta Dalali ungevipinda kwa magoti. Nesi mmoja mstaafu alikuwa ameleta gari la marehemu mumewe, vizingiti vyake vimeliwa na kutu. Siku hiyo mdogo wangu alikuwa amempelekea mumewe chakula, akaviona.

"Usifunge hivi," alimwambia. "Madigadi ni uso. Hiki ni mfupa."

"Nani atakiona? Chini panapakwa lami."

"Jeki itakiona."

Shemeji alicheka. Mdogo wangu akaokota vyombo vyake akaja kwangu. Nikamwambia amwonye yule mama. Akasema, "Dada, nikimwaibisha mume wangu, tutakula nini?" Nami, ninayewafokea leo, nilinyamaza naye.

Miezi miwili baadaye gari la nesi lilipata pancha kando ya barabara, saa nne asubuhi. Mkwe wake, mume wa binti yake, akaingiza jeki. Gari lilipanda kidogo, kizingiti kikajikunja kama kifuniko cha sufuria, jeki ikapenya ndani, gari likashuka na mguu wake uko chini.

Nesi alikuja gereji na kipande cha kile kizingiti ndani ya mfuko wa plastiki. Hakupiga kelele. Alikitoa, akakikunja kwa mikono yake miwili ya kizee mbele ya wateja watatu, akakiweka mezani.

"Kazi ya mkono?" akauliza.

Shemeji akaanza: mama, kiwanda kile, mama, huyo Dalali. Akampigia Dalali hapohapo, simu haipatikani. Na haijapatikana mpaka leo.

Mdogo wangu alikuwa amevuka barabara. "Mama, si kazi ya mkono," alisema. "Nilijua tangu siku vinafungwa. Sikukwambia. Hilo ni langu, usimpe yeye peke yake."

"Nyamaza!" shemeji akafoka. "Unataka tufungwe?"

"Aliyefungwa ni mkwe wa huyu mama. Amefungwa plasta mpaka kiunoni."

Shemeji alikaa juu ya tairi, akajishika kichwa. Nesi akamgeukia mdogo wangu, akasema, "Na wengine?"

Wengine waliofungiwa vizingiti vile walikuwa kumi na mmoja. Shemeji hakuwa na rekodi hata ya ukurasa mmoja, lakini mkewe alikumbuka kila gari kwa kutu yake. Alikaa dukani kwangu akipiga simu. Mmoja alimtukana mpaka nikamsikia nikiwa kwenye mashine ya fotokopi. Mwingine alienda kushtaki, na haki yake. Siku tatu shemeji hakutoka ndani. Ya nne alikuja, akavaa miwani ya kuchomelea, akaanza kuvikata vizingiti alivyovifunga mwenyewe, mkewe akimshikia. Kimoja kilichukua muda mrefu kukitoa kuliko ambavyo kingechukua kukiunda tangu mwanzo. Kiwanja kimeuzwa, kimelipa hospitali. Wateja wapya hawaji, na siwalaumu. Yule mkwe alikuwa fundi wa kupaka rangi majengo. Mguu umepona umepinda, ngazi hawezi tena kupanda.

MAFUNZO

Kitu kikiwa rahisi kupita kiasi, ujue kuna mtu amekilipia, na kama si muuzaji wala si mnunuzi, basi ni yule atakayekuwa chini yake. Fundi, usiuze jina lako kwa kazi ambayo hukuifanya. Mteja, omba uoneshwe bati kabla halijapakwa rangi. Fundi wa kweli hakasiriki. Na sisi ndugu na majirani tunaojua tukanyamaza ili chakula kisikatike mezani: kuna nyumba nyingine chakula kilikatika kwa ajili ya kimya chetu.

Magari tisa yameshabadilishwa vizingiti. Mawili yaliuzwa na wenyewe, hatujui yaliko. Moja ni jekundu la milango miwili, jingine ni la rangi ya krimu lenye kibebea mizigo juu. Ukiliona mojawapo, mwambie mwenyewe asiingize jeki. Aje gerejini, hatatozwa chochote.